Enrico Caruso, Mwimbaji wa Napoli

Leo twataka kuzungumza habari za Enrico Caruso, mtoto wa fundi wa chuma katika mji wa Napoli, nchi ya Italia, ambaye kwa kuimba tu alijulikana katika nchi nyingi kuliko wafalme wengi wa zamani zake. Mtu huyu hakushinda vita, wala hakutawala nchi, wala hakuvumbua chombo chochote. Basi kwa nini tumweke katika mazungumzo ya historia? Sababu yetu ni hii.

Mfinyanzi akisha kufa, vyungu vyake hubaki jikoni. Seremala akisha kufa, mlango aliouchonga hufunguliwa na kufungwa na wajukuu zake. Lakini kazi ya mwimbaji ni pumzi, nayo hutoweka pale pale anapofumba kinywa. Wataliani walikuwa na waimbaji hodari miaka mia na miaka mia mbili kabla ya Caruso. Majina yao yameandikwa, na watu waliowasikia wameandika kwamba walitokwa na machozi. Lakini hakuna mtu aliye hai awezaye kusema sauti zao zilikuwaje hasa. Caruso ni miongoni mwa waimbaji wakubwa wa kwanza ambao sauti zao zilishikwa na mashine zikakaa, na katika hao hakuna aliyesikiwa mbali kama yeye. Twataka kuona jambo hili lilitukiaje, na lilimgharimu nini.

Kwanza hatuna budi kueleza opera ni kitu gani. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa. Wachezaji huvaa nguo za kifalme, za askari au za maskini, kama mchezo utakavyo, na mbele yao hukaa wapigaji wa zeze, filimbi, tarumbeta na ngoma, wapata hamsini au mia, nao huitwa okestra. Zamani za Caruso hapakuwa na kipaza sauti. Mwimbaji alisimama peke yake, na sauti yake ilipaswa kupita juu ya vyombo vyote hivyo, imfikie hata mtu aliyenunua kiti cha bei rahisi nyuma kabisa, katika nyumba yenye watu zaidi ya 3,000. Tena haikumfaa kupiga makelele, maana makelele huharibu koo na hayapendezi. Sauti ya kiume iliyo ya juu huitwa tenori, na iliyo ya chini kabisa huitwa besi. Caruso alikuwa tenori.

Alizaliwa tarehe 25 Februari 1873. Baba yake, Marcellino, alifanya kazi ya ufundi wa chuma. Mama yake aliitwa Anna. Hapa wanafunzi wa historia wana jambo la kujifunza. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba Caruso alikuwa mtoto wa kumi na nane katika watoto ishirini na mmoja, na yeye mwenyewe alipenda kusimulia hivyo. Lakini kumbukumbu za mji na za kanisa zilipotazamwa vizuri, ilionekana kuwa watoto waliozaliwa walikuwa saba tu, na Enrico alikuwa wa tatu. Basi hata maneno ya mwenyewe yafaa kupimwa kwa maandishi, maana hadithi nzuri hukimbia mbio kuliko hadithi ya kweli.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja baba yake alimtia kazini kwa fundi mmoja, apate kujifunza kazi. Jioni alijifunza kusoma na kuandika na kuchora picha, na katika kwaya ya kanisa aliimba. Baba aliona kuimba ni mchezo usioleta mkate. Mama ndiye aliyemtia moyo, lakini mama huyo alikufa mwaka 1888, naye Enrico alikuwa na miaka kumi na mitano. Baada ya hapo kijana aliimba barabarani na mikahawani, ili kuongeza fedha kidogo nyumbani.

Watu wengi hudhani kwamba sauti kubwa hutoka mbinguni imekwisha kamilika. Sauti ya Caruso haikuwa hivyo. Mwalimu wake wa kwanza, aliyeitwa Guglielmo Vergine, aliiona nyembamba na hakutumainia makubwa. Kijana alipopanda noti za juu sauti ilikatika, akaona haya mbele ya wenzake. Hata hivyo mwalimu alikubali kumfundisha kwa mkataba, kwamba mwanafunzi akianza kupata fedha atamlipa mwalimu robo ya mapato yake kwa miaka mitano ya kuimba. Kijana akatia sahihi bila kuyapima maneno yale. Kumbe hesabu ilikuwa ya siku za kuimba hasa. Na kwa kuwa mwimbaji haimbi kila siku, miaka mitano ile ingaliweza kuwa kama kifungo cha maisha. Baadaye shauri hilo lilifika mahakamani, na Caruso akalipa fedha kulimaliza. Nanyi vijana, someni vizuri kabla ya kutia mkono katika karatasi.

Ilipofika zamu yake ya kuwa askari, kama ilivyokuwa sheria ya nchi, alipelekwa mji wa Rieti. Huko ofisa mmoja mpenda muziki akamsikia akiimba, akafahamu kwamba kazi ile yaweza kuiharibu sauti. Baada ya muda mfupi tu, ndugu yake Giovanni alikubali kutumika jeshini mahali pake, naye Enrico akarudi Napoli kwa mwalimu wake. Wengi hulitaja jina la Caruso. Wachache humkumbuka ndugu aliyevaa magwanda ili mwenziwe aimbe.

Tarehe 15 Machi 1895 aliimba katika opera kwa mara ya kwanza, katika nyumba ya Teatro Nuovo pale Napoli. Mchezo wenyewe haukudumu, wala sifa haikuja siku hiyo. Kwa miaka kadhaa alizunguka katika miji midogo, akipata ujira mdogo. Ipo picha yake ya zamani hizo ambayo amejifunga shuka begani kama Mrumi wa kale. Sababu yake, alisema, ni kwamba shati lake moja tu lilikuwa limefuliwa. Wakati huo huo alipata mwalimu mwingine, Vincenzo Lombardi, aliyemwonyesha jinsi ya kuitegemeza pumzi hata noti za juu zikaacha kukatika. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 1898 aliimba mjini Milano katika opera mpya iitwayo Fedora, na tangu usiku ule milango ikaanza kufunguka. Alialikwa Urusi na Argentina, na tarehe 26 Desemba 1900 akaimba katika La Scala ya Milano, nyumba ambayo kila mwimbaji wa Italia hutamani kuimba humo. Mwongoza muziki alikuwa Arturo Toscanini, mtu mkali asiyesamehe kosa.

Sasa twafika kwenye jambo lililomwumiza Caruso kuliko njaa ya ujana wake. Wahenga wetu walisema: mcheza kwao hutunzwa. Caruso naye aliamini hivyo. Alikuwa amekwisha shangiliwa ugenini, na mwisho wa Desemba 1901 akarudi kuimba Napoli, katika San Carlo, nyumba kubwa ya opera ya mji wake. Alitazamia kutunzwa. Lakini wakubwa wa mji waliojiona waamuzi wa waimbaji hawakumpokea kwa furaha aliyoitumainia, na mwandishi mmoja wa gazeti akaitia sauti yake dosari. Caruso alimaliza kazi aliyoahidi kuifanya, kisha akaapa kwamba hataimba tena Napoli kamwe. Atakuja kuwaona jamaa na kula chakula cha kwao, basi. Kiapo hicho alikishika mpaka kufa. Miji ya mbali ililipa dhahabu kumsikia, na mji uliomzaa haukumsikia tena jukwaani. Ni vigumu kusema nani alipoteza zaidi katika ugomvi huo, mtoto au mji.

Miezi michache baadaye, mwezi wa Aprili 1902, Mmarekani mmoja aitwaye Fred Gaisberg alifika Milano. Alikuwa mjumbe wa kampuni ya santuri ya London iliyoitwa Gramophone Company. Akamsikia Caruso, akamwomba aimbe nyimbo kumi mbele ya mashine yake. Caruso alitaka pauni 100 kwa nyimbo hizo zote. Gaisberg alisimulia baadaye kwamba alipopeleka habari London, jibu lilirudi kwa simu kumkataza, kwa kuwa bei ilikuwa kubwa mno. Naye akaamua kuendelea hata hivyo. Tarehe 11 Aprili, katika chumba cha hoteli, Caruso aliimba nyimbo zote kumi, akachukua fedha zake.

Yafaa tueleze jinsi kazi hiyo ilivyofanywa, kwa maana haikutumia umeme hata kidogo. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa ya bati, kinywa cha pembe kikimwelekea. Mwisho wa pembe palikuwa na kiwambo chembamba, na katika kiwambo palifungwa sindano. Sauti ilipoingia katika pembe ilikitikisa kiwambo, kiwambo kikaitikisa sindano, na sindano ikachora mfereji mwembamba katika sahani ya nta iliyokuwa ikizunguka. Kutokana na sahani hiyo ya nta ilifanywa chapa ya madini, na kwa chapa hiyo zilipigwa sahani ngumu nyingi za kuuzwa. Mashine ile haikusikia vizuri vitu vyote. Zeze zilififia, kinanda kilisikika kama debe, na sauti nyembamba za wanawake mara nyingi ziliharibika. Lakini sauti ya Caruso, iliyo nzito kidogo kwa tenori, nene na yenye nguvu katikati, iliingia katika nta ikakaa, ikafunika hata mkwaruzo wa sindano. Watu walioidharau santuri na kuiita kitu cha watoto, waliposikia sahani zile waliacha kuidharau. Santuri ilimpa Caruso masikio ya dunia, na Caruso aliipa santuri heshima.

Mwezi uliofuata, tarehe 14 Mei 1902, aliimba London. Na tarehe 23 Novemba 1903 akaimba kwa mara ya kwanza New York, Marekani, katika nyumba iitwayo Metropolitan Opera. Huko ndiko kulikokuwa kiti chake kwa miaka yote iliyobaki, na pamoja na kampuni ile aliimba zaidi ya mara 800. Tangu mwaka 1904 alitia sauti yake katika sahani za kampuni ya Victor ya Marekani. Sahani yake ya wimbo wa mchekeshaji katika opera iitwayo Pagliacci mara nyingi hutajwa kuwa ya kwanza duniani kuuzwa zaidi ya milioni moja. Tena hakuimba opera tu. Aliimba na nyimbo za mitaa ya Napoli, zile za wavuvi na wachuuzi. Kati ya mwaka 1880 na 1920 Wataliani wapatao milioni nne walihamia Marekani kutafuta kazi, wengi wao maskini wa kusini. Kwa mtu aliyechimba mitaro kutwa katika nchi ya baridi, kusikia lugha ya kwao ikitoka katika santuri jioni halikuwa jambo dogo.

Mambo mawili ya zamani hizo yatawapendeza wasikilizaji. La kwanza ni la San Francisco. Usiku wa tarehe 17 Aprili 1906 Caruso aliimba opera ya Carmen katika mji huo, akaenda kulala hotelini. Alfajiri ya tarehe 18 ardhi ikatetemeka kwa nguvu, nyumba zikaanguka, kisha moto ukauteketeza mji siku kadhaa. Watu wapatao 3,000 walikufa. Caruso aliokoka, akazunguka barabarani pamoja na maelfu ya watu wasio na makao, akiwa na picha ya Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, yenye sahihi ya Rais mwenyewe. Tangu siku hiyo hakurudi tena San Francisco.

La pili latuhusu sisi tunaosikiliza redio. Tarehe 13 Januari 1910 mvumbuzi Lee de Forest aliweka mashine yake katika Metropolitan Opera, akairusha angani sauti ya Caruso akiimba Pagliacci. Wachache tu waliokuwa na vyombo vya kupokea, pamoja na watu wa merikebu karibu na bandari, walisikia, na walichosikia kilijaa mikwaruzo. Lakini hiyo ilikuwa miongoni mwa mara za kwanza kabisa katika historia ambapo muziki ulirushwa kwa watu wote kwa njia ya hewa. Njia hiyo ndiyo inayoleta mazungumzo haya masikioni mwenu.

Wenzake walimpenda, maana hakuwa na choyo. Alijua kuchora, na picha zake za kuchekesha za wenzake, na zake mwenyewe, zilichapwa katika gazeti la Wataliani wa New York. Mwaka 1913, katika mji wa Philadelphia, mwimbaji mmoja wa besi alipotewa na sauti katikati ya mchezo. Caruso akamgeuzia watu mgongo, akaimba wimbo wa mwenzake kwa sauti ya chini kabisa, na wengi nyumbani mle hawakutambua. Huo si msaada mdogo kwa mtu ambaye angaliweza kukaa kimya na kumwacha mwenzake aaibike.

Hata hivyo tusidhani kwamba sifa ilimkinga na huzuni. Ada Giachetti, mwimbaji aliyeishi naye miaka mingi na kumzalia watoto wa kiume, alimwacha mwaka 1908 akaenda na dereva wake. Mwaka uliofuata alipasuliwa kooni, na watu wakanong'ona kwamba amekwisha. Akarudi, na sauti yake ikawa nene zaidi. Katika Pagliacci mwimbaji huigiza mchekeshaji aliyesalitiwa na mkewe, naye analazimika kujipaka unga usoni na kuwachekesha watu. Caruso aliimba maneno hayo mwaka baada ya mwaka, na watu walilipa kumwona akilia. Mwaka 1918 alimwoa Dorothy Benjamin, binti wa Marekani, na mwaka 1919 wakapata mtoto wa kike, Gloria.

Lakini jina kubwa lina mzigo wake. Kadiri ujira ulivyopanda, ndivyo watu walivyomtazamia asikosee hata noti moja. Alisafiri mno na kupumzika kidogo, tena alivuta sigara nyingi. Mwaka 1920 alikwenda Cuba, akalipwa dola 10,000 kwa jioni moja. Mwezi wa Desemba mwaka huo, akiwa New York, maumivu makali yalimshika ubavuni. Tarehe 11 Desemba, katika mtaa wa Brooklyn, damu ilimtoka kinywani akiwa jukwaani. Alijifuta kwa kitambaa, akaendelea kuimba. Akapewa kitambaa kingine, na kingine, mpaka sehemu ya kwanza ikaisha na mchezo ukavunjwa. Mtu mwingine angalikwenda kitandani. Caruso alirudi jukwaani baada ya siku mbili tu, na usiku wa tarehe 24 Desemba 1920 aliimba La Juive, akiigiza mzee wa Kiyahudi mfua dhahabu. Wengi waliokuwapo hawakujua jinsi alivyoumwa. Huo ulikuwa mwisho. Hakuimba tena katika opera.

Madaktari waliona usaha umejaa kifuani kando ya pafu. Walimpasua mara kwa mara kuutoa. Siku hizo hapakuwa na dawa ya kuua vijidudu vya namna hiyo mwilini. Penisilini iligunduliwa mwaka 1928, na ilitumika kwa watu wengi miaka zaidi ya kumi baadaye. Mwezi wa Mei 1921 alirudi Italia, akapumzika Sorrento kando ya bahari, ng'ambo ya ghuba ya Napoli. Akaanza kujaribu sauti yake, na watu wakatumaini. Kisha ugonjwa ukamrudia, akafa katika hoteli mjini Napoli tarehe 2 Agosti 1921. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na minane. Mfalme wa Italia alitoa ruhusa maziko yasaliwe katika kanisa la San Francesco di Paola, na watu wa Napoli walijaa barabarani kumsindikiza. Mji ambao hakutaka kuuimbia ndio uliompa kaburi.

Caruso aliacha nyimbo zaidi ya 240 katika sahani. Mwaka 1925 ulipokuja ufundi wa kutia sauti kwa umeme, sahani zote za pembe zilionekana za kizamani; lakini za Caruso ziliendelea kununuliwa, na mwaka 1932 kampuni ya Victor ilichukua baadhi yake ikaziongezea okestra mpya, mwimbaji akiwa kaburini miaka kumi na mmoja. Hata leo anayetaka kumsikia aweza kumsikia, ingawa hakuna aliyebaki katika wale waliomwona.

Tungependa kusema neno moja la mwisho, hasa kwa vijana. Kampuni ile ile ya santuri iliyomlipa Caruso pauni 100 ndiyo iliyotia katika sahani sauti ya Siti binti Saad wa Unguja. Mwaka 1928 Siti, mtoto wa maskini wa kijiji cha Fumba, aliyewahi kutembeza vyungu, alivuka bahari na wenzake mpaka Bombay, akaimba kwa Kiswahili mbele ya mashine; na kwa sababu hiyo jina lake halikuzikwa pamoja naye. Lakini waimbaji wa harusi na wa jando, watambaji wa hadithi, na wazee waliojua tenzi kwa moyo, ambao hakuna mashine iliyowafikia, sauti zao zi wapi? Zimekwenda zilikokwenda sauti za Wataliani wa kale. Mwenye chombo cha kutia sauti na asikae nacho bure. Na asiye nacho ana sikio na kalamu. Amwendee mzee angali hai, amwombe aimbe, aandike maneno, ajifunze sauti yake. Kazi hiyo haingoji, kwa maana pumzi haiwekwi akiba.